Fremu ya baiskeli yenye shokapu ya nyuma kwa hela kidogo: dalili, sababu na la kufanya

Fremu ya baiskeli ya milimani yenye shokapu ya nyuma haifi kwa siku moja. Huanza kucheza kidogo kwenye kiungio kimoja, baadaye shokapu ikaanza kukoroma, kisha mstari mwembamba ukajitokeza kwenye rangi karibu na mshono wa kuchomelea. Hapo ndipo wengi huiuza. Mnunuzi mwenye hela kidogo huikuta katika mojawapo ya hatua hizo, na kazi yake ni kujua ni ipi: ile inayotibika kwa beringi nne na jioni moja ya kazi, au ile isiyotibika kabisa.

Kabla ya dalili kuna hesabu. Bei ya fremu si ile anayoitaja muuzaji. Ni hiyo, jumlisha kila kitu ambacho fremu itakulazimisha kununua: shokapu, beringi, foki, gurudumu la nyuma, mlingoti wa kiti, hata ekseli. Fremu ya bei ya chini inayokataa vipuri ulivyo navyo ni ghali kuliko fremu ya bei mara mbili inayovikubali vyote. Kwa hiyo pima kwanza vitu vyako, uandike vipimo, ndipo uende kutazama fremu ya mtu.

Nenda na kalipa, tepu, tochi, alenkii za 4, 5, 6 na 8 mm, kitambaa, spiriti na pampu ya shokapu. Pampu ya tairi haitakufaa: shokapu ya hewa huhitaji presha ya psi mia na zaidi ndani ya chumba kidogo sana, na pampu ya kawaida inapoteza hewa yote hiyo unapoichomoa.

Baiskeli inang'aa, ina springi kubwa, na bei yake inashangaza

Hii huenda si fremu mbovu. Ni fremu ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya milima. Springi ina namba ya ugumu kama 650 au 750 lbs/in, hakuna kitufe cha kurekebisha kasi ya kurudi, na mkono wa nyuma, yaani sehemu ya fremu inayobeba gurudumu la nyuma, umeshikwa na kiungio kimoja chenye bushi ya plastiki mahali pa beringi. Kandamiza kiti kwa nguvu, kisha achia ghafla. Shokapu yenye dampa ya mafuta, yaani kizuizi cha kudunda, hurudi mara moja na kutulia. Hii itaruka na kudunda mara mbili tatu, kwa kuwa ndani hamna mafuta, ni springi tupu. Soma pia stika za kwenye bomba la chini; baadhi ya watengenezaji wameandika wenyewe kwamba baiskeli isipelekwe njia mbaya.

Kuifungia shokapu nzuri hakuiokoi. Bushi itaendelea kucheza, chuma kitabaki kizito, na bomba la usukani mara nyingi ni jembamba, la 34 mm, kiasi kwamba foki za kisasa hazitaingia. Kama hela yote uliyo nayo inafika hapa tu, nunua fremu isiyo na shokapu ya nyuma, kisha kinachobaki kiweke kwenye foki na breki. Baiskeli hiyo itakushusha Ngong au Lushoto kwa usalama zaidi kuliko springi isiyo na dampa.

Ukinyanyua kiti, nyuma inagonga kabla tairi halijaacha ardhi

Shika kiti, nyanyua polepole sana. Ukihisi mgongano mdogo, "tak", kuna kitu kinacheza. Muuzaji atasema bolti imelegea. Huenda kweli, lakini usilikubali jibu hilo mpaka ujue bolti ipi. Weka kidole juu ya maungano, nusu kwenye kipande hiki na nusu kwenye kile, kisha nyanyua tena. Anza na tundu la juu la shokapu, fuata la chini, kisha linki (kipande kifupi kinachounganisha mkono wa nyuma na shokapu), kiungio kikuu kilicho karibu na krenki, na mwisho viungio vya karibu na ekseli. Baada ya hapo shika bomba la kiti kwa mkono mmoja na ncha ya mkono wa nyuma kwa mwingine, vuta kushoto na kulia. Ushike mkono wenyewe wa fremu, si tairi, la sivyo utapima beringi za habu ukidhani ni za fremu.

Mchezo ukiwa kwenye matundu ya shokapu, una bahati. Bushi hizo ni ndogo, zimebebeshwa mzigo wote, na huchakaa kabla ya kitu kingine chochote. Ili kupata mpya unahitaji vipimo viwili na jina la shokapu: kipenyo cha bolti, ambacho mara nyingi ni 8 mm, na upana wa nafasi ya kwenye fremu, kwa mfano 22.2 mm. Pini za ndani ya bushi zikikosekana, fundi wa kukereza mwenye mkono mzuri anaweza kuzitengeneza kwa alumini au chuma cha pua, mradi umpe kipimo hadi sehemu ya kumi ya milimita. Usimpe pini mbovu aige. Aige nafasi ya fremu.

Mchezo ukiwa kwenye viungio, fungua bolti moja ya shokapu, itoe kwenye nafasi yake, na uchezeshe mkono wa nyuma juu na chini. Unatakiwa ushuke kwa uzito wake wenyewe, laini, bila vituo. Ukikwama na kuachia, kukwama na kuachia, gololi zimeota kutu na zimechimba njia zake. Beringi za kubadilisha si ghali, ila hesabu idadi. Fremu ya kiungio kimoja inaweza kuwa na 2 tu; fremu ya linki nne inaweza kuwa na 8 au zaidi, na hapo jumla inaanza kuonekana.

Namba imeandikwa kwenye sili. 6900 ni 10 mm ndani, 22 nje, unene 6. 6901 ni 12, 24, 6. 6902 ni 15, 28, 7. 608 ni 8, 22, 7. Hizi si vipuri vya baiskeli peke yake, ni beringi za mashine, na utazipata kwenye maduka ya beringi za magari na mitambo: Kirinyaga Road ukiwa Nairobi, Gerezani ukiwa Dar es Salaam. Dai zenye alama 2RS, yaani sili ya mpira pande zote mbili. ZZ ni kifuniko cha bati, na vumbi la kiangazi pamoja na tope la masika vitapita humo kama wageni waliokaribishwa. Ya zamani ikiwa na neno MAX, ujue imejazwa gololi bila kizimba cha kuzitenganisha, kwa sababu kiungio cha fremu hakizunguki. Husogea nyuzi chache tu mbele na nyuma, na mzigo wote hukaa sehemu moja ya njia. Ya kawaida ya namba hiyo hiyo itaingia na itafanya kazi, ila itachakaa mapema.

Beringi haigongwi kwa nyundo. Chukua rodi yenye uzi ya M8 au M10, nati mbili, washa nene na soketi mbili: moja inayokalia ukingo wa nje wa beringi, nyingine pana ya kuipokea upande wa pili. Kaza nati, beringi itaingia yenyewe ikiwa imenyooka. Ukiisukuma kwa ukingo wa ndani, umeiharibu kabla haijaenda hata mita moja.

Kuna sababu moja inayoua fremu hapa: tundu lililopanuka. Mwenye fremu akiendesha miezi kadhaa bolti ikiwa imelegea, beringi husaga alumini inayoizunguka. Dalili ni unga mweusi kuzunguka kiungio na pete inayong'aa ndani ya tundu. Beringi mpya ikiingia kwa kusukuma na kidole gumba lakini haitikisiki, gundi ya kushikiza beringi, mfano Loctite 641, itaokoa. Ikitikisika, acha fremu hiyo. Wapo watakaokuambia uzungushie bati la kopo la soda. Litashika wiki mbili.

Na bolti zilizoshikana. Fremu nyingi za mitumba zimetoka nchi ambazo barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, na za huku kwetu za Mombasa, Tanga au Unguja zimekula chumvi ya bahari. Bolti ya chuma ndani ya alumini yenye chumvi hushikana kana kwamba imechomelewa. Ukiona pembe za bolti zimekwisha kuviringika, mwambie muuzaji aifungue mbele yako kabla ya kulipa. Akikataa, umeshapata jibu.

Shokapu inashuka na hairudi, inakoroma, au haipo kabisa

Kwenye fremu za bei nafuu hapa ndipo hela nyingi hupotea, kwa sababu shokapu nzuri iliyotumika inaweza kugharimu sawa na fremu yenyewe.

Shokapu iliyobaki chini imejifunga, hata ukijaza hewa haipandi, imevujisha hewa kutoka chumba kikuu kwenda chumba cha hasi, kile kinachosukuma kinyume chake. Usiifungue. Ndani kuna presha iliyonaswa, na kopo la nje la hewa likilegezwa linaweza kuruka na kuumiza mtu vibaya. Ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya shokapu, na bei yake ikatwe kwenye bei ya fremu.

Shokapu inayokoroma au kutoa sauti ya maji ndani ya kiatu imeacha mafuta na nitrojeni vichanganyike. Kijazo cha nitrojeni hakipatikani kila mahali. Kama mjini kwako hakuna fundi wa kazi hiyo, ihesabu kama shokapu iliyokufa.

Inayopoteza hewa kidogo kidogo ina sili za kopo zilizochakaa, na hiyo ni nafuu. Ijaze, kaa juu yake uandike imezama kiasi gani, iache usiku kucha, kisha asubuhi kaa tena ulinganishe. Usipime kwa kufunga pampu tena ukidhani umegundua uvujaji: hewa inayojaza bomba la pampu peke yake hushusha mshale.

Kisha tazama shafti kwa tochi na upitishe ukucha. Utando mwembamba wa mafuta ni kawaida. Mkwaruzo unaonasa ukucha, au doa ambapo rangi ya shafti imelika, utakula kila sili mpya utakayoweka. RockShox hutaka kopo la hewa lisafishwe kila saa 50 za kuendesha na dampa kila saa 200. Fox hutaka huduma kamili kila saa 125 au mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo muuzaji akijisifu kwamba shokapu haijawahi kufunguliwa tangu mpya, amekueleza kasoro.

Fremu ikiuzwa bila shokapu, kipimo ni namba mbili: urefu kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, na mwendo wa shafti. Vipimo vya zamani vilivyotoka kwenye inchi ni kama 165x38, 190x51, 200x51, 200x57, 216x63 na 222x70. Vipimo vipya vya milimita kamili vilianza kuenea kuanzia miaka ya 2016 na 2017: 190x45, 210x50, 210x55, 230x60, 230x65. Kuna pia zile zinazofungwa kwa bolti za pembeni badala ya tundu la juu, ambazo ni fupi kwa 25 mm: 185x55 mahali pa 210x55, 205x65 mahali pa 230x65. Hazibadilishani. Fremu ya 200x51 ukiifungia 200x57 itafungika vizuri kabisa, na siku ya kwanza utakaposhuka kwa kishindo tairi la nyuma linaweza kupiga bomba la kiti, kwa kuwa umeiongezea 6 mm ambazo mbunifu hakuziruhusu.

Epuka fremu zenye shokapu zilizotengenezwa kwa ajili ya fremu hizo tu. Shokapu za kuvuta za Cannondale Dyad na Scott Equalizer, DRCV ya Trek, na Brain ya Specialized ni kazi za uhandisi zilizofikiriwa vizuri, lakini ikifa, shokapu yoyote ya kawaida haikai mahali pake bila kubadili linki au vifungio, na wakati mwingine haikai kabisa. Ndiyo maana fremu hizi za daraja la juu huuzwa kwa bei ya kuvutia. Kwa bajeti ndogo, fremu ya daraja la kati yenye shokapu ya 200x57 au 210x55 na matundu ya kawaida ni salama kuliko fremu ya kifahari yenye shokapu yatima.

Hesabu moja ya mwisho hapa. Gawanya mwendo wa gurudumu kwa mwendo wa shafti. Fremu ya 150 mm yenye shokapu ya 57 ina uwiano wa 2.6. Ya 150 yenye 51 ina 2.9. Uwiano ukiwa mkubwa, shokapu hubeba mzigo mkubwa zaidi na huhitaji presha zaidi. Kikomo kimeandikwa kwenye shokapu, mara nyingi kati ya 275 na 350 psi. Mtu wa kilo 95 na mkoba wa maji kwenye fremu yenye uwiano wa karibu 3 anaweza kufika kikomo kabla hajapata kuzama kwa 30%, yaani kiasi shokapu inachoshuka kwa uzito wake akikaa. Mtu wa kilo 60 hatajali.

Mstari mwembamba kwenye rangi

Unaweza kuwa mkwaruzo, unaweza kuwa ufa. Tofauti yake ni maisha yako, kwa hiyo usikadirie. Sugua kwa spiriti, mulika tochi kwa kuilaza, si kwa kuielekeza moja kwa moja. Mkwaruzo una mwanzo na mwisho na hukatiza popote. Ufa hufuata ukingo wa mshono, au huanzia kwenye tundu, na mara nyingi huwa na alama nyeusi isiyotoka.

Mahali pa kutazama kwanza: chini ya bomba la usukani linapokutana na bomba la chini, nyuma ya krenki ambapo kiungio kikuu kimefungwa, vishikio vya shokapu, daraja linalounganisha mikono miwili ya nyuma, na bomba la kiti sentimita chache chini ya kibano. Hilo la mwisho hupasuka kwa sababu mwenyewe alipandisha mlingoti kupita kiasi. Mlingoti unatakiwa uwe ndani angalau 100 mm na uvuke mshono wa bomba la juu, lolote lililo refu zaidi.

Ukiwa na shaka, fanya kipimo cha mafuta na chaki. Paka mafuta mepesi juu ya mstari, subiri dakika 15, futa mpaka pakauke, kisha paka unga wa chaki nyeupe. Ukandamize mkono wa nyuma mara kadhaa. Ufa ulionyonya mafuta utayatoa tena, na mstari utachora chaki kuanzia upande mmoja hadi mwingine. Maduka ya vifaa vya kuchomelea huuza pia rangi nyekundu ya kupenya pamoja na poda yake nyeupe. Hiyo inaonyesha zaidi.

Fremu ya alumini iliyochomelewa tena mtaani usiinunue hata kwa bei ya pedali. Fremu nyingi ni za alumini 6061, ambayo kiwandani hupashwa moto maalumu baada ya kuchomelewa ili irudi ugumu wake. Fundi akichomelea ufa bila hatua hiyo, eneo la kandokando ya mshono linabaki laini, na ufa mpya unaanzia hapo hapo, pembeni ya kazi yake nzuri.

Kaboni ni kazi nyingine. Gonga kwa sarafu, ukisogea sentimita moja moja. Sauti kavu na kali ni nzima. Ikigeuka ghafla kuwa butu mahali ambapo bomba halijabadilika unene, matabaka yameachana. Tazama kwa makini upande wa mnyororo, ambapo cheni iliyochomoka hukata nyuzi. Kaboni yenye stika mpya mahali pasipo na nembo, iondoe stika kwanza.

Gurudumu la nyuma haliingii, au linaingia na kukaa upande

Pima nafasi kati ya ncha mbili za mkono wa nyuma. 135 mm yenye vijiti vya kufungua haraka ni ya zamani, 142 yenye ekseli ya 12 mm ilifuata, 148 ndiyo ya kawaida kwa fremu mpya, 157 ni ya baiskeli za kushuka milima na baadhi ya za siku hizi. Habu nyingi za 135 zinageuzwa kuwa 142 kwa kubadili vichwa vya pembeni tu. Gurudumu la 142 laweza kuingia fremu ya 148 kwa adapta na spesa ya sahani ya breki. Kinyume chake hakiwezekani: la 148 halitaingia 142, na usijaribu kutanua fremu ya alumini kwa nguvu.

Ekseli idai pamoja na fremu. Uzi wake waweza kuwa wa 1.0, 1.5 au 1.75 mm, na urefu hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Ekseli ya uzi usio wake itaingia raundi mbili, itakaza, na itakula uzi wa fremu. Dai pia hanga, kile kipande kinachoshika kibadili gia kwenye fremu, au angalau picha yake. Karibu kila fremu ya zamani ina hanga yake ya peke yake. Hanga moja ya pamoja, UDH, ilianza mwaka 2019.

Kuhusu ukubwa wa magurudumu, 26 ni rimu ya 559, 27.5 ni 584, 29 ni 622. Ulaya na Marekani wamezikimbia fremu za 26, ndiyo maana ni nafuu. Huku kwetu mpira wa 26 unauzwa hata kwenye duka la kijijini linalouza sukari. Kwa mwenye hela kidogo kabisa, fremu ya 26 ya kati ya 2010 na 2014, yenye shokapu ya kawaida na bomba la usukani pana, ndiyo ununuzi bora uliobaki sokoni. Usidanganywe kwamba itakubali 27.5 "kwa kubana kidogo". Toa hewa yote kwenye shokapu, ukandamize mkono wa nyuma hadi mwisho, na uone tairi linafika wapi.

Foki haikubaliani na bomba la usukani

Pima ndani ya bomba, juu na chini, vikombe vya beringi vikiwa vimetolewa. 34 juu na chini: shingo ya foki nyembamba tu, ya 28.6 mm, hakuna njia nyingine. 44 juu na chini: shingo inayopanuka chini itaingia kwa kikombe cha nje upande wa chini. 44 juu na 49.6 au 56 chini: inakubali foki zote mbili, nyembamba kwa pete ya kupunguza. Namba zikiwa karibu na 41 au 42 juu na 52 chini, beringi hukaa moja kwa moja ndani ya fremu. Kagua makao ya beringi hizo, yakiliwa hakuna kikombe cha kubadilisha.

Urefu wa foki nao. Kila 20 mm unazoongeza hulaza usukani kwa takriban nyuzi 1 na kuongeza mzigo kwenye ule mshono wa chini tuliosema hupasuka kwanza. Usivuke 20 mm juu ya foki iliyokuja na fremu.

Inalia "kik" kila pedali ikishuka

Watu hulaumu krenki mara moja. Anza na mlingoti wa kiti: toa, safisha, paka grisi, simama juu ya pedali bila kukaa. Kelele ikiisha ukiwa umesimama, ni kiti. Ikibaki, fuata bolti za linki, kisha ndiyo nyumba ya krenki. Fremu yenye nyumba ya uzi, upana wa 68 au 73 mm, ni rafiki wa bajeti. Upande wa mnyororo hukazwa kinyume cha saa, na wengi wameharibu uzi kwa kusahau hilo. Fremu za beringi za kusukumiza, zenye tundu la 41 mm na upana karibu 92, hulia tundu likiwa si duara kamili, na hilo hulirekebishi kwa grisi.

Ukikanyaga, inainama na kuinuka

Kwanza pima kuzama. Vaa mavazi ya kuendeshea, kaa, sogeza pete ya mpira ya kwenye shafti, shuka taratibu. Kwa mwendo wa 57 mm unataka 14 hadi 17. Ikiwa 20, ongeza hewa kabla ya kuilaumu fremu. Kuzama kukiwa sawa na bado inadunda, zungusha kitufe cha kurudi: kisipobadilisha chochote, dampa imekwisha.

Meno ya gia ya mbele nayo huhusika. Fremu za enzi za gia tatu za mbele, 22, 32 na 44, zilibuniwa kiungio kikuu kikae karibu na usawa wa gia ya kati. Ukifunga gia moja ya 30 hadi 34 unabaki katika hesabu hiyo. Ukifunga ndogo ya 26 ili upande milima, mnyororo huvuta kwa pembe nyingine na pedali itarudisha mateke kwenye mawe.

Fremu ni saizi yako, lakini magoti yanagusa usukani

Saizi za zamani zilipimwa kwa bomba la kiti, nalo halisemi lolote kuhusu nafasi yako ukiwa umesimama. Simamisha baiskeli, nyuma yake ikigusa ukuta. Pima ukuta hadi katikati ya krenki, kisha ukuta hadi katikati ya kilele cha bomba la usukani. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Fremu ya M ya karibu 2010 mara nyingi hutoa 400 hadi 420 mm. Ya M ya sasa hufika 440 hadi 460. Ukiwa kati ya saizi mbili za fremu ya zamani, chukua kubwa na uweke shingo fupi ya usukani, ya 50 mm, mradi unaweza kusimama juu ya bomba la juu bila kuligusa.

Kabla ya kutoa hela, geuza fremu na usome namba iliyochongwa chini ya krenki. Ikiwa imekwanguliwa, acha. Ikiwepo, ipige picha na uiandike kwenye karatasi ya mauziano.

Baada ya kuifunga, weka gundi ya buluu kwenye uzi wa bolti za viungio na ukaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kulingana na namba iliyoandikwa kwenye bolti. Baada ya saa mbili za kwanza njiani, zipitie zote tena. Itakayokuwa imelegea, ifungue, isafishe, weka gundi upya. Ikilegea mara ya tatu si gundi tena: fungua kiungio hicho, pima ekseli yake na tundu lake kwa kalipa, kwa sababu kimojawapo kimeliwa.